Matokeo yakitoka, anza chanjo: homa ya ini B kwa kijana anayekwenda kusomea kazi ya meno

Mwishoni mwa Septemba mama mmoja wa hapa Kihagara alinifuata nyumbani jioni, ameshika bahasha ya kaki. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Mwanangu nesi, naomba unisomee hizi karatasi. Kijana anasema kila kitu kiko sawa, lakini mimi sijaridhika." Mwanawe alikuwa amepata nafasi ya kusomea stashahada ya utabibu wa meno. Chuo kilikuwa kinafunguliwa baada ya wiki mbili. Ada ya awali ilikuwa imepatikana, godoro limenunuliwa, sare zimeshonwa.

Kwenye ukurasa wa afya wa fomu ile kulikuwa na mstari mmoja mfupi: mwanafunzi awe amechanjwa chanjo ya homa ya ini B kabla ya kuanza mafunzo kwa vitendo. Chini yake kulikuwa na nafasi tatu za kuandika tarehe, na nafasi ya muhuri. Zote zilikuwa tupu.

Tatizo nililiona palepale. Dozi tatu za chanjo hiyo kwa mtu mzima huchukua miezi sita, na wao walikuwa na siku kumi na nne. Kesho yake mjomba wa kijana akaja zahanati na njia yake ya mkato: "Nesi, si una muhuri hapo? Gonga tu. Atachanjwa hukohuko mbele ya safari."

Sikugonga. Lakini sikumlaumu pia, kwa sababu si yeye wa kwanza kuniomba hivyo, na sharti hili huzifikia familia nyingi likiwa limechelewa. Makala haya ni kwa ajili yako wewe mzazi, na wewe kijana uliyemaliza kidato cha nne au cha sita unayefikiria kusomea meno, uuguzi, utabibu au maabara. Nitaeleza kwa nini sharti lipo, kwa nini linawapata wengi bila maandalizi, na lini hasa uanze ili lisikukwamishe.

Kwa nini kliniki ya meno ni mahali pa hatari?

Watu wengi hufikiri hatari ya damu iko leba na chumba cha upasuaji tu. Kaa nusu siku kwenye kliniki ya meno ya hospitali ya wilaya uone. Mgonjwa wa kwetu huja jino likiwa limeoza hadi mzizi, baada ya wiki kadhaa za kusukutua maji ya chumvi na kumeza dawa za maumivu. Mara nyingi kinachobaki ni kung'oa, na kung'oa jino ni damu. Damu hiyo huchanganyika na mate, na mate huruka mgonjwa anapokohoa au anapotema.

Kisha kuna vifaa vyenyewe. Sindano ya ganzi huingia ndani ya fizi na hutoka na damu. Koleo, vifaa vya kunyanyulia jino na vya kukwangua vina ncha kali. Anayejifunza hupewa kazi za kushika taa, kufyonza mate, kupokea vifaa vilivyotumika, na kuviosha kabla havijaingia kwenye mashine ya kutakasa kwa mvuke. Wanafunzi wengi hujichoma wakati wa kuosha, au wanapojaribu kurudisha kifuniko cha sindano iliyokwisha kutumika badala ya kuitupa kwenye sanduku la usalama. Glavu huzuia damu kugusa ngozi, lakini haizuii ncha ya sindano kupenya.

Virusi vya homa ya ini B ni vigumu kufa. Vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, kwenye damu iliyokauka mezani au kwenye kifaa. Mtu ambaye hana kinga akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini B, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya 6 na 30 katika kila 100, kutegemea wingi wa virusi kwenye damu ya mgonjwa. Kwa Virusi vya UKIMWI, uwezekano kwa mchomo kama huo ni takriban 3 katika kila 1,000. Wanafunzi wengi huogopa UKIMWI peke yake, na hii nyingine hawaifikirii, ilhali ndiyo yenye chanjo.

Jambo jingine ni kwamba mgonjwa mwenyewe hajui. Wengi wenye maambukizi sugu waliyapata utotoni, kwa mama wakati wa kuzaliwa au kwa watoto wenzao, na wamekua bila dalili yoyote. Mtoto mchanga akiambukizwa, uwezekano wa virusi kubaki mwilini maisha yote ni kama 90 katika 100. Kwa mtu mzima ni chini ya 5 katika 100. Kwa hiyo aliyekaa kwenye kiti cha meno anaonekana mzima, analalamikia jino tu, na kadi yake haina neno lolote kuhusu ini.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na homa ya ini B sugu, na kwamba zaidi ya nusu ya maambukizi mapya yanatokea kanda ya Afrika. Hapa nchini, utafiti uliofanyika kwa watumishi karibu 600 wa hospitali ya Bugando, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2015, ulikuta asilimia 7 wana maambukizi sugu. Hao ni watu wa kazi hii hii, waliovaa glavu hizi hizi.

Homa ya ini si homa ya manjano

Nimeona kijana akileta kadi ya njano ya kusafiria, ile ya chanjo ya homa ya manjano, akiamini amemaliza. Ukifikiria, kosa hili ni rahisi kufanya. Mtu mwenye ugonjwa wa ini anaweza kuwa na macho ya manjano, na mitaani watu husema "ana manjano". Lakini homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, unaoenezwa na mbu, na chanjo yake haikingi ini dhidi ya virusi vya B.

Homa za ini zenyewe ziko kadhaa. A na E hupatikana zaidi kwa maji na chakula kichafu. B, C na D husambaa kwa damu na majimaji ya mwili. Kwa C hakuna chanjo, ingawa kuna dawa zinazoiponya. D humshika tu mtu mwenye B, hivyo chanjo ya B inakukinga na zote mbili. Unaposoma fomu ya chuo, tafuta herufi: B.

Chanjo nyingine ambazo mwanafunzi anaweza kuulizwa ni pepopunda, surua na rubela, na BCG ya kifua kikuu. Kwa kijana aliyezaliwa hapa hizi huwa na urahisi wake. BCG hutolewa mtoto anapozaliwa. Chanjo ya surua-rubela ilianza kutolewa nchini mwaka 2014, na kampeni ya Oktoba mwaka huo iliwalenga watoto wote wa miezi tisa hadi chini ya miaka kumi na tano. Inayosumbua ni hii ya B.

Kizazi cha mwaka 2002

Hapa kuna habari njema ambayo familia nyingi haziijui. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini B mwaka 2002, ikiwa imeunganishwa na chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda. Kwenye kadi za miaka ile iliandikwa DPT-HB. Herufi HB ndiyo homa ya ini B. Mwaka 2009 ikaongezwa kinga nyingine ndani ya sindano hiyo hiyo, ikawa pentavalenti, chanjo tano kwa pamoja, ambayo akina mama wengi huiita "penta".

Piga hesabu. Mimi nilizaliwa kabla ya chanjo hiyo kuanza, kama wauguzi wengi wa umri wangu. Tuliingia wodini bila kinga yoyote. Lakini kijana anayeingia chuoni sasa akiwa na miaka kumi na nane au kumi na tisa alizaliwa baada ya 2002. Kama mama yake alimpeleka kliniki, au kama huduma ya mkoba ilifika kijijini, huenda amekwisha kuchomwa dozi zote tatu kabla hajaota meno.

Linganisha na Uingereza. Kule kuna kada inayojitegemea ya muuguzi wa meno, anayemsaidia daktari kwenye kiti. Hapa kwetu kazi hiyo hufanywa na muuguzi aliyepangwa kliniki ya meno, na mara nyingi na mwanafunzi. Mwanafunzi wa uuguzi wa meno wa Uingereza hutakiwa kuchanjwa homa ya ini B kabla ya kugusa wagonjwa, lakini nchi ile iliingiza chanjo hii kwa watoto wote wachanga kwa wale waliozaliwa kuanzia Agosti 2017 tu. Kwa hiyo wanafunzi wao wengi wa leo wanaanzia sifuri. Kijana wa Kihagara aliyezaliwa 2006 anaweza kuwa alichanjwa miaka mingi kabla ya mwenzake wa London. Nawakumbusha hili pia ndugu walioko huko ambao watoto wao waliozaliwa Tanzania wanaingia kwenye kazi hiyo: tumeni watu nyumbani watafute kadi.

Maana tofauti iko kwenye kadi. Bila maandishi hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba ulichanjwa, wala mama mwenye kumbukumbu nzuri kiasi gani. Na kadi zetu zimepata mengi: nyumba za nyasi zilizovuja, panya, kuhama, moto, watoto waliozichezea. Wengine walizitupa mtoto alipofikisha miaka mitano, wakidhani kazi yake imekwisha.

Yule mama wa bahasha ya kaki alirudi nyumbani akafungua sanduku la bati. Kadi ilikuwepo, ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na cheti cha ubatizo. Ilikuwa imelowa pembeni lakini ilisomeka: DPT-HB, mara tatu, na tarehe zake. Kijana alipelekwa hospitali akapimwa, hakuwa na maambukizi. Kipimo cha kuangalia kiwango cha kinga hakikupatikana, hivyo tabibu akaamua apewe dozi moja ya nyongeza kabla ya kusafiri, na akaandika barua kwa chuo. Alikwenda na karatasi za kweli.

Kama kadi imepotea, usikate tamaa mapema. Nenda kwenye zahanati au kituo ulikochanjiwa, uombe waangalie rejista za watoto za MTUHA za mwaka wako. Si vituo vyote vimehifadhi vitabu vya zamani, lakini kuuliza ni bure. Kama hakuna kumbukumbu popote, jihesabu hujachanjwa, uanze upya. Mtu aliyechanjwa akichanjwa tena hadhuriki.

Je, dozi za utotoni zinatosha?

Hili wanaliuliza hata watumishi wenzangu. Shirika la Afya Duniani halipendekezi dozi za marudio kwa mtu mwenye afya aliyemaliza dozi zake zote. Kinga inayopimwa kwenye damu hupungua na miaka, lakini mwili huwa unakumbuka. Hata hivyo, kwa wanaofanya kazi za damu, nchi nyingi hutaka uthibitisho zaidi: hupima kiwango cha kinga, na kikiwa chini ya 10 huongeza dozi moja na kupima tena. Ikiwa kipimo hicho kipo unakokwenda, kifanye. Ikiwa hakipo, zungumza na tabibu kuhusu dozi moja ya nyongeza, kama alivyofanyiwa kijana yule.

Hesabu ya miezi sita

Kwa mtu mzima asiye na kumbukumbu ya chanjo, ratiba ya kawaida ni hii:

- Dozi ya kwanza: siku unayoanza.
- Dozi ya pili: baada ya mwezi mmoja.
- Dozi ya tatu: miezi sita baada ya dozi ya kwanza.

Kabla ya dozi ya kwanza unapimwa damu kuangalia kama tayari una virusi. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya tatu unaweza kupimwa kama kinga imepanda. Kati ya watu wazima wenye afya mia moja, tisini au zaidi hupata kinga kamili. Dozi moja peke yake haitoshi kukutegemeza.

Ukichelewa dozi, usianze upya, endelea ulipoishia. Ipo pia ratiba ya haraka ya mwezi sifuri, wa kwanza na wa pili, kisha dozi ya nne baada ya mwaka. Hiyo inasaidia mwenye muda mfupi, lakini hata yenyewe inahitaji miezi miwili.

Sasa angalia kalenda yetu. Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari. Vyuo vingi vya afya hufungua Septemba au Oktoba. Katikati hapo kuna miezi minane au tisa, na kijana yuko nyumbani, anavua usipa na baba yake au anasaidia shamba la mihogo. Muda wa dozi zote tatu upo na unabaki. Lakini fomu ya kujiunga hufika Agosti au Septemba, na kwa sababu sharti limeandikwa kwenye fomu, kila mtu husubiri fomu. Hapo ndipo miezi sita inapopotea.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa katika makala haya ni huu: usisubiri fomu. Kama matokeo yana ufaulu wa biolojia, kemia na fizikia unaoruhusu kuomba kozi ya afya, anza chanjo Februari. Hata usipochaguliwa hujapoteza kitu. Kinga hiyo ni yako ukiwa mvuvi, kinyozi, bodaboda au mama wa nyumbani.

Nani alipe, na kwa nini muhuri wa uongo unazaliwa

Kwenye friji ya chanjo ya zahanati yetu kuna chanjo za watoto. Penta ni ya watoto wachanga na hutolewa bila malipo. Usimwombe muuguzi akuchome hiyo. Chanjo ya watu wazima kwa kawaida utaipata hospitali ya wilaya, ya mkoa, za mashirika ya dini au vituo binafsi, na mara nyingi unailipia mwenyewe. Kwa mtu wa mwambao wa ziwa, bei ya dozi ni sehemu tu ya gharama. Kuna nauli ya kwenda Mbamba Bay au kupanda milima hadi Mbinga, mara tatu, na pengine kulala. Ukifika ukaambiwa chanjo imeisha, unarudi mikono mitupu.

Pesa ya chuo nayo haitafutwi Februari. Kwa Wamatengo wa milimani inategemea kahawa ikishavunwa na kuuzwa. Kwetu ziwani inategemea usipa na hali ya upepo. Familia hukusanya kila kitu kwa mkupuo mwishoni, na katika mkupuo huo ada hutangulia, nauli hufuata, chanjo huwa ya mwisho. Ndiyo maana mjomba hufika na ombi la muhuri. Yeye haoni kama anaidanganya afya ya mpwa wake. Anaona karatasi moja inayomzuia kijana wake asipande basi.

Lakini kadi ya uongo ni mbaya kuliko kutokuwa na kadi. Mwanafunzi asiye na kadi anajulikana hana kinga, na msimamizi mwenye busara atamweka mbali na sindano hadi achanjwe. Mwenye kadi ya uongo atapangiwa kuosha koleo zenye damu siku ya kwanza. Na akijichoma, yule anayemhudumia atasoma kadi, ataamini amekingwa, na hatampa huduma anayoihitaji.

Miongozo ya nchi ya kuzuia maambukizi inataka watoa huduma wakingwe dhidi ya homa ya ini B, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake. Mwanafunzi anaangukia katikati. Anashika damu kama mfanyakazi, lakini hana mwajiri. Chuo kinasema aje amechanjwa. Hospitali inayompokea inadhani chuo kilishasimamia. Familia inaachiwa gharama na tarehe.

Naona mambo matatu yanayoweza kufanyika bila kusubiri sheria mpya. Kwanza, vyuo viweke sharti hili kwenye tangazo la maombi, si kwenye fomu ya kujiunga, ili familia ilione miezi mapema. Pili, chuo kinunue chanjo kwa pamoja na kuchanja wiki ya kwanza. Dozi ya kwanza na ya pili zitakuwa zimekwisha kabla wanafunzi hawajatoka darasani kwenda hospitali, na ya tatu itafuata wakiwa hukohuko. Tatu, hapa wilayani, vijana wa kata moja wakijiandikisha pamoja Februari, hospitali inaweza kuagiza kwa idadi inayojulikana, na chanjo hubebwa na huduma ya mkoba hadi Liuli, Lituhi au hapa Kihagara badala ya kila mmoja kusafiri peke yake.

Tahadhari moja kwa wanaotaka kuokoa nauli: usinunue chupa ya chanjo mjini ukaibeba kwenye begi. Chanjo hii hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ikipata joto sana inaharibika, na ikigandishwa kwenye friji ya samaki inaharibika pia, ingawa kwa macho huwezi kujua.

Ukipimwa ukakutwa nayo

Hofu hii ndiyo inayowafanya wengine wakimbie kipimo. Kijana anajiuliza: nikikutwa nayo, nafasi ya chuo imeondoka?

Kukutwa na virusi hakumaanishi umefanya ubaya, na mara nyingi maana yake ni kwamba uliambukizwa ukiwa mtoto. Chanjo haitakusaidia wakati huo, lakini kuna ufuatiliaji na kuna dawa, kama tenofovir, zinazoshusha virusi na kulilinda ini lisipate makovu na saratani. Si kila mwenye virusi huanza dawa mara moja. Tabibu ataangalia hali ya ini. Wapime pia ndugu wa nyumba moja, hasa mama na wadogo zako, na wasio nayo wachanjwe.

Kuhusu masomo, kuna wahudumu wa afya wenye homa ya ini B wanaofanya kazi. Nchi zenye taratibu kali, Uingereza ikiwa mojawapo, huwaruhusu hata kufanya shughuli za damu ikiwa wanafuatiliwa na kiwango chao cha virusi kiko chini sana. Hivyo kipimo kisitumike kumfukuza mwanafunzi. Ukiambiwa umeachwa kwa sababu hiyo peke yake, omba maelezo kwa maandishi, na uombe barua ya tabibu wa ini. Majibu yako ni siri yako na ya anayekuhudumia. Hayabandikwi ubaoni.

Ukijichoma

Nilijichoma nikiwa mwaka wa pili wa uuguzi, katika hospitali ambayo sitaitaja. Ilikuwa usiku, mgonjwa alishtuka, sindano ikanipata kidole cha shahada. Nilipewa dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI na nikazimeza siku zote 28. Kuhusu homa ya ini B hakuna aliyeniuliza kama nimechanjwa, na mimi sikujua kuuliza. Nilikuja kupimwa miezi mingi baadaye, nikakutwa salama, nikachanjwa kwa pesa yangu. Niliepuka kwa bahati tu.

Wewe fanya hivi:

- Osha jeraha palepale kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usiliminye, usilitie jiki.
- Damu ikikurukia machoni, suuza kwa maji safi mengi.
- Toa taarifa kwa msimamizi saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama unaogopa kugombezwa.
- Dawa za kuzuia VVU zianze haraka iwezekanavyo, isizidi saa 72.
- Kama hujachanjwa homa ya ini B, omba dozi ya kwanza ndani ya saa 24. Uliza pia kama ipo sindano ya kinga ya moja kwa moja, ile ya imunoglobulini.
- Pimwa siku hiyo, kisha rudi kwa vipimo vya baadaye kama utakavyopangiwa.

Ya kufanya kuanzia matokeo hadi chuo

- Januari: matokeo yakitoka, tafuta kadi ya kliniki. Angalia DPT-HB au penta, mara tatu. Ipige picha kwa simu, uitume kwa ndugu wawili.
- Februari: kama kadi haipo au dozi hazikukamilika, piga simu hospitali uulize kama chanjo ya watu wazima ipo na bei yake. Pimwa, uanze dozi ya kwanza. Nendeni kwa kikundi.
- Machi: dozi ya pili.
- Agosti: dozi ya tatu. Hakikisha kila tarehe imeandikwa, na muhuri ni wa kituo kilichokuchanja.
- Septemba: beba kadi halisi na nakala. Nakala nyingine ibaki nyumbani.

Kama umesoma haya ukiwa tayari una fomu mkononi na siku zimebaki chache, anza hivyo hivyo. Pata dozi ya kwanza kabla ya kusafiri, na siku ya kwanza chuoni mwambie msimamizi wazi kwamba hujamaliza. Omba upangiwe zamu zisizo na sindano wala kuosha vifaa hadi angalau dozi ya pili ipite, kisha maliza ya tatu kwa tarehe yake.

Na wewe mama mwenye mtoto mchanga: penta hutolewa wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne. Mpeleke mwanao zote tatu, halafu itunze kadi hata akishaanza shule. Miaka kumi na minane si mingi, na siku moja ataihitaji.